Nyumba ya joto na kiza mchana kutwa: kabla ya AC, hewa itokee wapi?

SWALI: Assalaam alaikum fundi. Mimi niko Muyeye, Malindi. Tumejenga nyumba ya mawe, vyumba vitatu na sebule, juu mabati, madirisha ya slaidi yenye grili. Chumba cha mbele cha mita 4 kwa 5 nimekifanya nasari, nina watoto 28. Ikifika saa nne asubuhi washaloa jasho na wanasinzia, na taa zawaka mchana kutwa maana ndani mna kiza. Ukuta chini rangi inabambuka kila mwaka. Mume wangu ataka tununue AC mbili, tena ataka kuinua ukuta wa ua kwa ajili ya wezi. Pesa ni kidogo. Tuanze wapi? – Mama wawili, Muyeye

JIBU: Waalaikum salaam dadangu, karibu. Umeuliza mambo manne kwa mpigo ila mi naona ugonjwa mkubwa ni mmoja, nyumba yenu hewa haina pa kutokea. Madirisha mnayo na si madogo, lakini kwa zile picha ulizotuma madirisha yote mawili ya chumba cha nasari yako ukuta mmoja, huo wa kaskazini unaotazamana na ukuta wa ua, na ukuta wa kusini unaotokea uani mnapoanika nguo ni mawe matupu toka chini mpaka juu. Upepo wa Malindi hata uvume vipi hauingii chumba kisicho na tundu la kutokea ukuta wa pili, ni kama kumimina maji kwenye chupa iliyokwisha kujaa. Kwa hivo pesa ya kwanza iende kwenye huo ukuta wa kusini, AC ziendelee kukaa dukani.

Kabla hujamwita fundi yeyote fanya jaribio hili. Siku ambayo watoto hawapo fungua madirisha na mlango kama kawaida, washa ubani kwenye chetezo, weka chini katikati ya chumba alafu ukae kando usipepee wala usipitepite, angalia moshi tu. Chumba chenye njia ya hewa moshi wake hulala upande mmoja na kutoka, wala haukai. Chako nabashiri utapanda wima mpaka kwenye bati, utagonga, utajikunja na kuanza kushuka, na ukirudi baada ya kuchemsha chai utaukuta bado umening'inia pale juu ya vichwa. Pumzi ya watoto 28 yafanya hivohivo, tofauti ni kwamba ile haionekani. Alafu rudia jaribio na mlango umefungwa, maana najua mukisomesha mwafunga mlango kwa ajili ya kelele.

Sasa tupige hesabu kidogo, usiogope. Mita 4 kwa 5 ni mita 20 za mraba. Kipimo ambacho wachoraji ramani wametumia miaka mingi ni dirisha lisipungue asilimia 10 ya sakafu na nusu ya hilo dirisha iwe yafunguka. Madirisha yako ni 1.2 kwa 1.2 kila moja, mawili pamoja ni mita 2.88, kwa karatasi umepita vizuri sana. Lakini slaidi haifunguki zaidi ya nusu, siku zote kioo kimoja kimejificha nyuma ya mwenzake, kwa hivo imebaki 1.44. Weka neti ya mbu ambayo haijaoshwa tangu ifungwe, hio nayo yala upepo vibaya, ikijaa vumbi hukaribia nusu. Weka pazia. Ukimaliza kutoa vyote hivo kwenye lile dirisha kubwa la dukani wabaki na tundu la kupitisha paka. Tena hio asilimia 10 ni ya chini kabisa, huku kwetu pwani ambako joto lakuja na unyevu mimi nataka nione karibu 20, na iwe imegawanyika kuta mbili zinazotazamana.

Slaidi mimi sizipendi na nishasema sana mpaka mafundi wa alumini wananikwepa. Zimeenea kwa sababu hazipigi mtu kichwa barazani na grili yakaa bila tabu, basi. Dirisha la bawaba lafunguka lote, na luva za vioo zile za zamani zafunguka karibu zote, tena mvua ya kusi ikija wainamisha tu hewa yaendelea kupita. Ukibadilisha slaidi kwa bawaba umejiongezea nafasi ya hewa mara mbili bila kuvunja jiwe hata moja.

Na ukienda kwenye bawaba kuna kitu kidogo sana ambacho chasahaulika. Kaskazi, kuanzia kama Disemba mpaka Machi, yavuma kutoka kaskazini mashariki. Kusi, kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba hivi, yatoka kusini mashariki. Ukitazama vizuri zote mbili zina umashariki ndani yake, zasafiri zikielekea magharibi. Kwa hivo kwenye ukuta wa kaskazini na wa kusini, bawaba zifungwe upande wa magharibi wa dirisha. Ukilifungua lile bawa likasimama wima nje, lakinga upepo unaoteleza ukutani na kuusukuma ndani. Bawaba zikiwa upande wa mashariki bawa hilohilo laupa upepo mgongo, wapita zake. Gharama ni ileile, fundi ni yuleyule, ni kumwambia tu kabla hajatoboa.

Tuje kwenye ukuta wa kusini. Najua utakachonambia, uani ndo mnakokaa na wasichana wako na mnataka sitara, dirisha la kawaida pale mzazi aliyekuja kuchukua mtoto awaone mkipika. Sawa kabisa, basi usiweke dirisha la macho. Weka matundu ya juu, kuanzia kama mita 1.9 kutoka sakafuni mpaka chini ya ringi bimu, ule mkanda wa zege unaofunga kuta kwa juu, msitari mrefu kadri ukuta utakavoruhusu, ukitumia bloku za matundu au luva za mbao. Mtu mzima hachungulii pale, hewa ya moto ambayo yenyewe yapenda kupanda yapata mlango, na mwanga wa juu wafika mbali zaidi ndani kuliko mwanga wa chini. Kisha chini, usawa wa mtoto aliyekaa, toboa matundu mawili matatu madogo ya kama sentimita 30 kwa 40 yenye kifuniko cha mbao, maana upepo unaopita juu ya kichwa haukaushi jasho la mtoto aliyekaa mkekani. Hili la matundu ya chini watu hulidharau sana. Wajenga venti juu kabisa zilizoshikana na silingi alafu washangaa mbona hawasikii kitu, hewa yapita kule juu inawaamkia popo.

Watu hunambia si tujenge tu kama nyumba za Lamu, zile zina baridi. Mi nimezaliwa Lamu, mji wenyewe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, nazipenda nyumba zile, lakini tuseme ukweli. Vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu boriti za mkoko hazivuki zaidi ya mita tatu hivi, kuta ni nene karibu nusu mita, na hewa na mwanga vyote vyategemea kiwanda, ule uwazi wa katikati usio na paa. Kutoka kiwandani mwanga waingia msana wa kwanza, yaani ukumbi mrefu mwembamba, kisha wa pili, ukifika ndani kabisa umechoka, na ndo maana kuta zilisiliwa chokaa nyeupe laini na kukawa na zidaka, vile vijishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, ule weupe waurudisha mwanga kidogo kidogo. Hata hivo chumba cha mwisho ni cha kiza, kwa kulala adhuhuri ni raha, kwa kufundisha mtoto aliyefika kwenye herufi *ba* si mahali pake. Ya kuiga kule ni kiwanda, weupe wa kuta, na chokaa, nitakuja hapo kwenye chokaa. Uani kwenu mnao tayari, ndo kiwanda chenu hicho, mmekipa mgongo tu.

Paa sasa. Bati tupu juani saa saba laweza kupita nyuzi 60 na joto lile halishuki kwa hewa, lashuka kwa mng'ao, moja kwa moja juu ya utosi wa mtoto. Kwa hivo hata ukifungua kuta zote bado watasikia joto la juu. Sebule yenu naona ina silingi ya jipsamu lakini chumba cha nasari bati liko wazi, yaani mumewafunika wageni mkawaacha watoto! Weka silingi, na isiwe jipsamu, unyevu wa hapa utaifanya ishuke tumbo baada ya misimu miwili, plaiwudi au bodi ya simiti yatosha, ipakwe nyeupe, na isishuke chini ya mita 2.7. Ukiweza kupata ile foili ya fedha ya kuzuia joto, ifungwe chini ya bati ikiwa na nafasi ya hewa sentimita mbili tatu kati yake na kinachoifuata, upande wa kung'aa utazame chini kwenye ile nafasi. Foili iliyobanwa kati ya bati na mbao bila nafasi haifanyi kazi, hapo pesa imeenda.

Alafu hio nafasi kati ya silingi na bati lazima nayo ipumue, la sivo umejenga tanuri juu ya watoto. Ile pembetatu ya ukuta iliyo chini ya paa, huku na huku, iachiwe matundu, uyazibe kwa waya wa kofitrei tu, ule wavu wa matundu madogo, ili popo na ndege wasiingie. Mafundi wengi huiziba kwa mawe kwa sababu ya popo, na popo waingia kwa chini ya fasia, ule ubao wa ukingo wa paa, hivohivo.

Kama silingi haipatikani mwaka huu, paka bati rangi nyeupe ya paa kwa nje. Ni kazi ya siku moja mbili na wakati wa kaskazi utaiona tofauti. Kama maji ya mvua mwayakinga kwenye tangi kwa kunywa, sisitiza rangi isiyo na risasi na mwage mvua ya kwanza. Makuti juu ya bati, wapo wanaofanya mahotelini na yanasaidia, mi darasani siyataki, moto wa makuti haungoji mtu atafute funguo.

AC basi. Zile za kufunga ukutani kazi yake ni kuchukua hewa ya chumbani, kuipoza na kuirudisha hukohuko chumbani. Haileti hewa mpya. Na ili ipoze lazima ufunge madirisha, kwa hivo watoto 28 watakuwa wakivuta pumzi zao wenyewe zikiwa baridi. Hewa ya nje ina kaboni dioksidi kama sehemu 420 kwa milioni, darasa lililojaa na kufungwa lapita 2,000 bila tabu, na kule kusinzia unakokuona saa nne si uvivu wala si uji tu. Tena mafua, tetekuwanga, na mbaya zaidi kifua kikuu vyapenda chumba kama hicho. Kuna watafiti walipima hospitali za Lima kule Peru wakatoa matokeo 2007, wakakuta wodi kongwe zenye silingi ndefu na madirisha makubwa yaliyofunguliwa zabadilisha hewa zaidi ya vyumba vipya vyenye mitambo ya hewa. Majengo ya kizamani yalishinda mashine. Kwako bili ya stima ndo itakayoizima hio AC mwezi wa pili na madirisha yatabaki yamefungwa.

Nunua feni. Feni ya silingi yakula kama wati 70, AC ndogo karibu 1,000. Upepo wa feni haupozi chumba lakini wamfanya mtu asikie nafuu kama ya nyuzi mbili tatu, na ukiwa na matundu pande mbili feni yasaidia kusukuma. Mbili kwa chumba kile zatosha. Hakikisha mabawa yako juu ya mita 2.4, mtu akipita chini yake asikatwe.

Mwanga. Hapa kuna jaribio pia, tena halina gharama. Saa nne asubuhi kaa pale anapokaa mtoto wa nyuma kabisa, kaa chini kama yeye, angalia dirishani. Je, waona kipande cha mbingu? Asiyeiona mbingu kutoka alipokaa yuko kizani hata dirisha liwe refu vipi, maana mwanga anaoupata ni wa kuazima kutoka ukuta wa jirani. Kwenye picha yako ukuta wa ua uko kama mita moja na nusu mbele ya dirisha na una urefu kama mita 2, mtoto wa nyuma aona mchirizi mwembamba wa mbingu juu ya ukuta na hapohapo grili na pazia zaugawa. Alafu vioo vyenyewe ni vya rangi ya kahawa! Hivo vioo vimekuwa fasheni, vyala sehemu kubwa ya mwanga na joto bado laingia. Badilisha viwe vyeupe, ni kazi ya asubuhi moja. Toa pazia zito, na kama ni sitara mwataka paka nusu ya chini ya kioo rangi nyeupe ya maziwa, juu iache wazi. Mwanga wa dirisha kwa kawaida hufika ndani mara mbili hivi ya urefu wa linta, ile boriti ya juu ya dirisha, kutoka sakafuni, linta yako iko mita 2.1, kwa hivo chumba cha kina cha mita 4 kilikuwa kitoshe kama si hivo vioo na huo ukuta.

Kuta ndani paka nyeupe au krimu hafifu sana, silingi nyeupe, na ule ukuta wa ua pia upake chokaa nyeupe upande wa kwenu. Huo wa mwisho watu hucheka nikiwambia, lakini jua lapiga ule ukuta na kurudi ndani kwa dirisha, na ukiwa wa mawe ya kijivu haurudishi chochote. Zile rangi za buluu iliyokolea na kijani mpaka kifuani ambazo shule zapenda kwa sababu hazionyeshi uchafu, bora uchafu uonekane.

Bati la plastiki la kupitisha mwanga usiliweke juu ya watoto. Huku jua liko karibu na utosi mwaka mzima, hilo bati latupa kipande cha jua kali sakafuni kinachotembea darasani toka asubuhi mpaka mchana na watoto wanakikimbia, tena baada ya miaka michache lageuka manjano na kupasuka. Weka kwenye ukumbi mdogo wa kupitia au chooni. Chooni na stoo waweza hata kutumia ule ubunifu wa makanika wa Brazil, Alfredo Moser, aliyeanza 2002 kupachika kwenye bati chupa ya plastiki ya lita mbili iliyojaa maji na kifuniko kidogo cha jiki ili yasiote uchafu wa kijani, nusu nje nusu ndani, na mwanga wasambaa chumba kizima bila stima. Yafanya kazi pale pasipo na silingi. Shida yake ni kuvuja, zungushia silikoni vizuri, si simiti.

Jua lenyewe wala lisikusumbue upande wa kaskazini na kusini. Malindi iko karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta, mchana wa Juni jua liko upande wa kaskazini lakini juu, mchana wa Disemba liko kusini na juu zaidi, mtoko wa paa wa sentimita 60 wafunika dirisha la mita 1.2 wakati wa adhuhuri. Adui ni mashariki na magharibi, hasa magharibi, jua la alasiri laingia kwa ubavu na hakuna mtoko utakaolizuia, na ukuta wa mawe wa upande huo washiba joto jioni alafu wautema usiku mkiwa mmelala. Nadhani chumba chako cha kulala kiko huko, hukuuliza ila nimeona. Panda mwarobaini au mkungu mita tatu nne kutoka ukutani na ukate matawi ya chini, upate kivuli juu na upepo chini.

Idadi ya watoto lazima nikwambie japo hutapenda. Mwongozo wa usalama wa shule wa Wizara ya Elimu wa 2008 wazungumzia darasa la mita 7.5 kwa 5.85 kwa wanafunzi wasiozidi 40 wanaokaa wawiliwawili, hio ni kama mita 1.1 ya mraba kwa kila mmoja. Kwa mita zako 20 ni watoto 18. Una 28. Hakuna dirisha litakalofuta hio hesabu, gawa zamu mbili, au kundi moja likae barazani chini ya kivuli wakati jengine liko ndani, kwa umri wao nje ni afadhali hata kwa masomo. Mwongozo huohuo wataka mlango ufungukie nje na usifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani, na madirisha ya darasa yasiwe na grili. Najua wizi, kwa hivo kama grili lazima, basi ya dirisha moja iwe ya bawaba na komeo ya ndani isiyotaka funguo, na kila mwalimu awe amejaribu kuifungua kwa mkono wake.

Na jiko la makaa lisiwashwe kwenye ule ukumbi uliofungwa kati ya jikoni na nasari wakati wa mvua kama nilivoona kwenye picha ya tatu. Hio si habari ya joto, ile hewa yake haina harufu na yaua.

Sasa rangi kubambuka. Ule unga mweupe unaouona chini ya rangi ni chumvi. Mawe yetu ya timbo yametokana na matumbawe, yanyonya maji ya ardhini kama utambi, na kama fundi alitumia mchanga wa pwani badala ya mchanga wa mto Sabaki basi chumvi mlianza nayo siku ya kwanza. Maji yapanda, yafika usoni mwa ukuta, yakauka, chumvi yabaki na kuota fuwele nyuma ya rangi mpaka yaisukuma. Kila mwaka mwapaka rangi ya mafuta ngumu zaidi, na kila mwaka yaporomoka juu zaidi, kwa sababu mmeuziba ukuta usipumue na maji yatafuta pa kutokea. Hata hapo tatizo ni njia ya kutoka.

Dawa yake ni hii. Kwangua rangi na plasta ya simiti yote mpaka kama nusu mita juu ya alama ya unyevu. Piga brashi kavu, zoa ule unga utupe nje usiuoshe kwa maji maana utarudi ndani. Acha ukuta wazi miezi miwili mitatu ya kiangazi, utakuwa na sura mbaya, vumilia. Alafu siliza kwa chokaa na mchanga wa mto uliooshwa, sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, tabaka nyembamba nyembamba, kila moja ikauke taratibu ikinyunyiziwa maji, na mwisho paka chokaa ya maji wala si rangi ya plastiki. Chokaa yaruhusu unyevu kutoka na yenyewe yapasuka kidogo kidogo badala ya kudondoka vipande, ndo sababu zile nyumba kongwe zimesimama na chumvi yao. Ukipata fundi akakwambia aongeze simiti "ipate nguvu", tafuta mwengine. Nje nako, naona mmejaza kifusi na pevingi mpaka juu ya usawa wa sakafu ya ndani, ishusheni iwe chini angalau sentimita 15, na mtiririko wa paa uwekewe gata, sasa hivi maji yote ya masika yaanguka chini ya ukuta uleule.

Utaratibu wa pesa, kama ningekuwa mimi: vioo vyeupe, pazia na chokaa ya ukuta wa ua wiki hii. Matundu ya ukuta wa kusini kabla ya masika, yaani kabla ya Aprili. Feni. Silingi ikifuata. Kukwangua ukuta Januari mwakani kukiwa kukavu. Madirisha ya bawaba mwisho, moja moja. Na huyo atakayetoboa ukuta wa kusini mwambie mapema: ringi bimu haiguswi hata kwa patasi, asikaribie pembe ya nyumba kwa chini ya sentimita 60, kila tundu pana liwe na linta yake, na atoboe moja alimalize ndo aende la pili.

Ukuta wa ua mwambie mzee asiuinue kwa mawe. Ukifika mita 3 ilhali uko mita moja na nusu kutoka dirishani, mtoto wa nyuma hataona mbingu tena kabisa, na kaskazi yote itapita juu ya paa. Auache mita 2 ulizopo, na tena ule usawa wa dirisha, kuanzia sentimita 90 kwenda juu, atoe mawe safu mbili tatu aweke bloku za matundu, hewa ipite. Kama ni wezi, juu ya ukuta aongeze waya au vyuma vya ncha badala ya mawe, na taa ya sola kwenye pembe ya geti. Mwizi apenda ukuta mrefu mzima, akisharuka hakuna wa nje anayemuona.